Kifaru Kilichokosa Kiti

Mume wangu hatupi kitu. Mimi nikitoa taka nje, yeye hutoka nyuma yangu akazipekua, na nusu yake hurudi ndani mfukoni mwake. Kifuniko cha shampuu kwake si kifuniko, ni tangi la mafuta. Mswaki ulionyonyoka ni bomba la moshi. Kalamu iliyokauka wino ni mtutu. Nimeishi naye muda mrefu kiasi kwamba sasa na mimi, dawa ya meno ikiisha, naugeuza mfuniko mara mbili mkononi kabla ya kuutupa, na jambo hilo linaniudhi sana.

Mtaani wanamwita Gundi. Jina lilitokana na vidole vyake, ambavyo havikosi gundi iliyoganda, na pia na arusi moja ambapo alimpa mkono baba wa bwana arusi na mikono ile ikachukua muda kuachana. Watu hutia chumvi wakiisimulia arusi hiyo. Mimi nilikuwepo, na chumvi yenyewe si nyingi.

Mchana hutengeneza mashine za fotokopi na printa za maofisini. Mashine ikishindikana kabisa hupewa yeye mzoga, naye huupasua akaja nyumbani na matumbo yake: gia, rola, springi, na vipande vya plastiki nyeusi ambavyo hata aliyeviunda hawezi kukwambia ni vya nini. Wenzangu waume zao wakirudi kazini hushika mfuko wa matunda. Wangu hushika mfuko wa gia, kisha mimi naulizwa mbele ya wageni kama nimeona zilivyo nzuri.

Mwaka huu kazi kubwa ilikuwa kifaru. Usifikirie vifaru vya kwenye taarifa ya habari. Hiki kilikuwa cha vita vitakavyopiganwa, kwa maelezo ya mume wangu, kwenye sayari isiyo na maji yenye majua mawili, wakati sisi sote tumeshasahaulika. Tumbo lake lilikuwa kopo la siagi lililopinduliwa, limevikwa vipande vya kava za CD vilivyokatwa na kupigwa msasa mpaka huoni vilipoungana. Kichwa kinachozunguka kilitoka kwenye pasi yangu iliyoungua. Mzinga ulikuwa mirija ya kalamu iliyoingizwa mmoja ndani ya mwingine, mwembamba ndani ya mnene, mwembamba zaidi ndani ya mwembamba, nami sijui aliwezaje. Mwili mzima ulikuwa umejaa vibomba, visahani, ngazi za kupandia na vimasanduku vya silaha, na kila kimoja nilikuwa nakijua kilipokuwa bado kitu cha maana nyumbani kwangu.

Kikundi chao kina sheria moja. Ni watu wazima, wana kazi zao na familia zao, na hukutana kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba kuonyeshana magari na ndege za mfano za kuwekwa mezani. Sheria yao ni kwamba kila kipande kiwe kilishatupwa au kilikuwa njiani kutupwa. Unaruhusiwa kununua gundi na rangi tu. Maonyesho yao makubwa yalikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Gundi alikuwa amekaa na kifaru hicho tangu mwaka unaanza.

Na kulikuwa na jambo moja alilojivunia kuliko yote. Kifaru chake hakikuwa na dereva. Hakikuwa na mlango wala dirisha, maana kilijiendesha chenyewe kwa akili yake. Alimweleza hivyo kila aliyeingia nyumbani, hadi msomaji wa mita ya maji.

Sasa nije kwa baba yangu.

Baba alikuwa dereva wa greda. Nusu ya barabara za huku alizisawazisha yeye, na ukipanda naye gari atakwambia ni nusu ipi. Mama alipotutoka, nikamleta kwangu. Chumba cha ziada kilikuwa kimoja, kile kidogo cha kando ya jiko, na ndicho kilichokuwa karakana ya Gundi. Mume wangu hakuombwa. Alihamisha meza yake mwenyewe, akaibana kwenye kona ya sebule ubavuni mwa cherehani yangu, akafagia kile chumba na kuweka kitanda. Ila hakusema neno hata moja. Hakusema karibu, hakusema hiki ni chako. Yeye ndivyo alivyo, husema kwa mikono, na wasioijua mikono yake hudhani amenuna.

Baba naye ni hivyo hivyo. Maneno anayo mengi ya kupoteza, lakini la maana likija hulimeza. Basi wakaishi chini ya paa moja kwa salamu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Salama tu."

"Kumekuwa na joto."

"Joto kweli."

Kisha kila mtu huangalia pembe yake. Mimi, ninayeshona katikati yao, nilikuwa nasikia ule ukimya kuliko cherehani.

Tena walianza vibaya. Siku ya kwanza Baba alipokiona kifaru, alisimama mbele yake akakiangalia, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu aliyezeeka juu ya injini, "Mama, huyu mwenzio hana kazi? Mtu mzima na vikopo?" Gundi alikuwa jikoni. Nilimsikia akiosha kikombe kimoja muda mrefu sana.

Baada ya hapo nilitegemea Baba asiiguse hata meza ile. Kumbe. Asubuhi moja nilitoka kupeleka nguo kwa mteja, na niliporudi nikamkuta amekaa kwenye kiti cha Gundi, amevaa miwani yangu ya kushonea, ncha ya ulimi nje. Aliponiona akaganda.

"Nilikuwa naangalia kama gundi imekauka," akasema.

"Na imekauka?"

"Bado."

Alisema hivyo kwa sababu kidole chake kilikuwa kimenasa mezani. Nilikitoa kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, naye muda wote huo akawa ananieleza, kana kwamba mimi ndiye niliyenaswa, kwamba magurudumu yale yamepangwa na mtu ambaye hajawahi kukwama. Uzito wote uko nyuma. Kikiingia kwenye mchanga kinazama. Nikamkumbusha kwamba ni kopo la siagi. Akanijibu kwamba hata kopo la siagi lina heshima yake.

"Usimwambie," akasema. "Ataona nilimdhihaki, kisha nakuja kuchezea kitu chake."

Nikakubali. Sikujua najipalia makaa.

Jioni Gundi akarudi, akavua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye meza. Magurudumu yalikuwa yamesogezwa mbele na kupangwa upya. Alikigeuza kifaru juu chini, akakisukuma kwa kidole, akakisukuma tena. Kisha akageuka kuniangalia, na macho yake yalikuwa yamelainika namna ambayo nilikuwa nimeshaisahau.

"Ni wewe?"

Nikamtazama Baba. Baba alikuwa anaikagua dari kama mtu anayetaka kuinunua.

"Kwani nani mwingine anashinda hapa na cherehani?" nikasema. Si uongo. Ni swali.

Kuanzia siku hiyo nikawa malkia. Chai nililetewa kitandani. Niliulizwa kama mgongo unauma. Nilisifiwa macho yangu, na vidole vyangu, na akili niliyokuwa nimeificha miaka yote hii. Sikuwa nimebembelezwa hivyo tangu uchumba, na kama unadhani ningekurupuka kuharibu, basi hujawahi kukaa na mtu anayekuletea gia. Asubuhi Baba alifanya kazi, jioni mimi nilipokea sifa. Aliongeza ngao ubavuni kutoka kwenye chombo cha vipande vya sabuni. Akaweka taa za mbele kutoka kwenye vikofia vya plastiki vya kukinga miguu ya kiti. Gundi alipapasa kila kitu kwa ncha ya kidole na kusema, taratibu, "Mke wangu una jicho."

Mambo yaliharibika kidogo kwenye vifungo. Mteja wangu, karani wa benki, alikuja kuchukua koti lake, mimi nikafungua kopo la vifungo nimalizie, nikalikuta tupu. Vifungo vyake vikubwa vyeusi vilikuwa chini ya kifaru, ni magurudumu, vimegandishwa kwa gundi isiyo na huruma. Nikamwambia karani kwamba koti linahitaji kupumzika kabla ya kuvaliwa. Yeye akakubali, watu wa benki hawajui nguo. Jioni Gundi aliyaona yale magurudumu, akaelewa yalikotoka, akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Umetoa vifungo vya kazi yako," akasema, "kwa ajili ya kitu changu."

Nilitaka kuwanyonga wote wawili kwa uzi wa kushonea.

Ningeendelea hivyo mpaka maonyesho, nikanywa chai yangu kitandani na kunyamaza. Lakini kaka yangu akapiga simu. Amepata nyumba kubwa zaidi, kuna chumba cha Baba, atakuja kumchukua Jumamosi asubuhi. Nikamweleza Baba, naye akasema sawa hata kabla sijaiweka simu chini.

Kaka yangu si mtu mbaya, ila ana haraka ya kuzaliwa nayo. Hazimi gari. Akija kunisalimia hunisalimia injini ikiunguruma nje, mguu mmoja kizingitini. Yeye na mkewe hutoka kabla hakujapambazuka na kurudi giza limeingia, na mchana kutwa nyumba ile hubaki na televisheni. Nilimwona Baba akilini akiwa amekaa mbele ya televisheni hiyo, mikono magotini, na roho ikaniuma. Sikutaka aondoke. Nilikuwa nimezoea kikohozi chake cha alfajiri na ugomvi wake na redio. Kumpoteza Mama kulikuwa kumetosha.

Nikamfuata chumbani. Alikuwa anakunja mashati yake, polepole, kola juu ya kola.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Mtu hakunji mashati kwa hakuna kitu."

Akakaa kitandani. "Nimemtoa mwenzio chumbani mwake. Kazi yake anaifanya amebanwa kwenye kona. Na hasemi."

"Ndivyo alivyo, hasemi."

"Mimi pia ndivyo nilivyo. Ndiyo maana namwelewa." Akanyoosha kidole mlangoni. "Tangu nimekuja, ufunguo wa chumba hiki uko kiunoni mwake. Ule wenye kibao cha plastiki cha bluu. Nikitoka naacha wazi, nikirudi nakuta wazi. Mtu akikupa chumba si anakupa na ufunguo? Mimi hapa nimehifadhiwa tu."

Ningecheka kama nisingekuwa karibu kulia. Mume wangu ana funguo za dunia nzima kiunoni. Ana ufunguo wa baiskeli iliyoibwa kabla hatujaoana. Ule wa chumba aliusahau tu, kama alivyousahau wa baiskeli.

"Nitamwambia akupe."

"Usithubutu." Aliniangalia kwa jicho lile lililokuwa likiwasimamisha vibarua barabarani. "Ufunguo wa kuombewa siutaki."

Basi nikafungwa mdomo pande zote mbili. Mmoja hataki nitoboe siri ya kifaru, mwingine hajui kwamba kuna siri, na Jumamosi inakuja.

Na wiki hiyo hiyo ndipo Baba alipokitoboa kifaru.

Alikata tundu la mraba juu ya mgongo, mbele ya kichwa, tundu la kupitisha ncha ya kidole. Gundi alirudi, akaliona, akashusha pumzi. Aliliziba kwa kifuniko cha kiondoa jasho, akasawazisha kwa msasa. Kesho yake Baba akakibandua. Jioni Gundi akaziba kwa gia ya printa na gundi maradufu. Asubuhi Baba akaikata gia.

"Mke wangu," Gundi akaniambia siku hiyo, kwa upole wa mtu anayemwonea huruma mgonjwa, "hiki hakina dereva. Si nilikueleza?"

Nikaubeba ujumbe hadi upande wa pili.

"Anasema hakina dereva, Baba."

"Na mbele anaangalia nani?"

"Kina akili yake."

"Mimi pia nilikuwa na akili yangu, na bado walinipa kiti." Akapuliza vumbi la plastiki kwenye tundu lake. "Greda mpya zilipokuja walituambia hivyo hivyo. Hizi zinajua kazi zenyewe. Wakatukusanya, wakapiga makofi, wakanipa saa ya ukutani. Miezi mitatu baadaye moja ilijipeleka mtaroni."

Nilikuwa nakata kitambaa, nikaacha mkasi. Saa hiyo naijua. Ilikuwa ukutani kwake huko kwao mpaka nyumba ilipouzwa, na sasa ilikuwa juu ya begi lake, imefungwa kwa taulo.

Ijumaa alikamilisha. Nilichungulia ndani ya tundu lake asubuhi hiyo alipokuwa anasafisha mikono, nikamuuliza swali moja, akanijibu, nami nikarudi kwenye cherehani. Mchana akatoka kwenda kumuaga kinyozi wake.

Gundi akawahi kurudi, na kopo la rangi ya kupuliza chini ya kwapa. Kesho ilikuwa siku ya maonyesho. Akafika mezani akasimama. Safari hii lile tundu lilikuwa na mlango. Baba alikuwa ameuchonga kutoka kwenye kifuniko cha shampuu, kile cha kubonyeza, na bawaba yake kaiacha hapo hapo, kwa hiyo ulifunguka na kufungika kwa mlio mdogo mzuri. Usingeweza kuubandua bila kupasua mgongo mzima.

Gundi hapigi kelele. Aliweka kopo la rangi chini taratibu sana, na hapo ndipo nilipojua kakasirika.

"Nilifurahi ulipoanza kunisaidia," akasema. "Sikumbuki lini nimefurahi vile. Lakini hapa umekiharibu. Nimewaambia watu wote hakina dereva."

"Si mimi," nikasema.

"Nani basi?"

Maji yalikuwa yameshanifika shingoni. Nikasimama, sindano bado mdomoni, nikaitoa, nikamwaga yote. Magurudumu si mimi. Ngao si mimi. Vifungo vya karani si mimi, mimi ndiye niliyeibiwa. Ni yule mzee unayemwambia kumekuwa na joto. Anashinda hapo kwenye kiti chako tangu unapotoka hadi unapokaribia kurudi, na kesho anaondoka kwa sababu anaona kakunyang'anya chumba, na kwa sababu ufunguo wake unatembea nao wewe.

Mkono wake ukaenda kiunoni. Akazipapasa funguo mpaka akafika kwenye kibao cha bluu, akakishika.

"Nilisahau," akasema.

"Najua."

"Mbona hakusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Alivuta kiti, akachukua tochi ndogo anayoangalizia matumbo ya printa, akabonyeza ule mlango na kuchungulia. Akakaa hivyo, jicho moja limefumba. Kisha akanisogezea tochi, ingawa mimi nilikuwa nimeshaona.

Mle ndani, mahali ambapo hakuna mtu angeangalia, Baba alikuwa ametengeneza chumba cha dereva wa greda. Usukani ulikuwa ile pete inayobaki shingoni mwa chupa ya maji. Kushoto na kulia kwake zilisimama safu mbili za vishikio, vilivyokatwa kutoka kwenye vijiti vya kusafishia masikio, na kila kimoja kimepindishwa kivyake, hiki kimelegea, kile kimeegemea ndani, namna vinavyokuwa mkono uleule ukivishika miaka. Chini kulikuwa na pedali, meno ya kitana. Kulikuwa hata na kioo cha kuangalizia nyuma, kipande cha kipambo kutoka kwenye gauni nililoshona mimi, la arusi, ambalo mwenyewe bado hajalichukua.

"Kiti kiko wapi?" Gundi akauliza.

"Hata mimi nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Kasema kiti anaweka mwenye mashine. Dereva hajiwekei."

Gundi akauzima mwanga wa tochi. "Mimi nilidhani anakidharau," akasema, kisha akaenda jikoni akaosha kikombe.

Baba akarudi, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Nikasema sasa, sasa watasemezana.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kumekuwa na joto."

"Joto kweli."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na namshukuru Mungu kwamba nilijizuia.

Jumamosi niliamka nikasikia kukwaruza. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, na nilipousukuma sauti ya mume wangu ikaniambia nisiingie. Nikamwambia maji ya chai yako humo. Akaniambia chai itasubiri. Malkia wa nyumba hii alikuwa ameshavuliwa taji. Alipotoka alikuwa amekibeba kifaru kwa mikono miwili, hakijapakwa hata tone la rangi, bado kina rangi ya siagi upande mmoja na ya printa upande mwingine. Alikiweka juu ya meza, kando ya mlango wa kutokea, akaacha kile kifuniko cha shampuu wazi. Kisha akasimama ukutani kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

Honi ikalia nje. Kaka yangu. Injini, kama kawaida, ilikuwa inaunguruma.

Baba akatoka chumbani na begi mkono mmoja, saa yake chini ya kwapa. Aliniangalia, akatikisa kichwa kuniambia nisianze. Sikuwa nimeanza, nilikuwa ninapenga kamasi tu. Akapiga hatua kuelekea mlangoni, akapita meza, akasimama. Akarudi hatua moja. Akaweka begi chini. Akanyoosha mkono bila kunitazama, nami nikavua miwani yangu nikampa.

Akainama. Mimi nikamchungulia begani.

Nyuma ya usukani kulikuwa na kiti. Kilikuwa na mgongo na sehemu mbili za kuegemeza mikono, zimepigwa msasa mpaka zimeng'aa, na kilikuwa cha bluu. Ile bluu niliijua. Katikati ya mgongo wa kiti bado kulionekana nusu ya kitundu, pale pete ya ufunguo ilipokuwa ikipita.

Honi ikalia tena. Baba hakusikia, au alijifanya hamnazo. Gundi akaacha ukuta. Alikuwa ameshika ufunguo kiganjani, mtupu, bila kibao, mdogo kuliko nilivyoukumbuka.

"Baba, ufunguo wako," akasema. "Ungekuwa nao tangu siku ile. Nilisahau, na sina sababu. Kibao chake nimekitumia."

Kwa mume wangu hiyo ni hotuba. Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akaupokea, akaupima uzito, akautia mfuko wa shati. Jicho halikutoka kwenye tundu. Nilimsubiri aseme asante, au alie, au hata aseme kumekuwa na joto.

"Kiti kiko mbali na breki," akasema.

Gundi akasogea. "Mbali?"

"Dereva wako ana miguu ya twiga? Hapa anakanyaga hewa."

"Gundi imeshakauka, Baba."

"Itabanduka. Lete ile dawa ya kucha, na kisu chembamba. Na rangi usipulize kwanza, tutamziba dereva macho." Akavuta kiti cha Gundi, akakaa. Gundi akaburuta kigoda changu cha cherehani, akakaa ubavuni mwake, na vichwa vyao viwili vikainama juu ya lile kopo la siagi mpaka nisione kitu. Saa ya ukutani ilikuwa imelazwa kwenye vitambaa vyangu.

Honi ikalia mara ya tatu, ndefu.

"Mama," Baba akasema, bila kuinua kichwa, "nenda kamwambie kaka yako azime gari."